Harufu ya Gari la Mkunga

Ukimpelekea mume wangu gari ukamwambia linanuka, hakuulizi linanuka wapi. Anakuuliza linanuka nini. Wateja wapya huduwaa hapo, maana wamezoea mafundi wanaofungua boneti kabla hata ya salamu. Yeye anafuta mikono, anavuta kigoda, anasema: "Fumba macho. Jione uko jikoni, au unapiga pasi, au umekaa kwa kinyozi. Haya, niambie, umenusa nini?" Ukisema plastiki, anaenda kwenye nyaya na fyuzi. Ukisema mpira, anashika mkanda wa feni. Ukisema sukari inayoungua sufuriani, anatafuta maji ya rejeta yanavujia wapi. Na ukikunja uso ukakosa neno, ukasema ni kitu kichungu tu kinachokaba koo, anakutazama mguu wa kushoto, kwa sababu huyo tayari ni mtu anayeendesha huku ameegemeza mguu kwenye klachi.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Pua. Mtoto wetu wa mwisho alipoandikishwa shule akaulizwa jina la baba, alijibu "Pua" bila hata kucheka, na mwalimu akaliandika.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu na gereji yake vimetenganishwa na ukuta mmoja wenye mlango usiofungwa, kwa hiyo kati yetu hakuna siri. Yeye ananisikia nikibishana na wanawake walionenepa wakadai nimewapunja kitambaa, nami namsikia akiongea na injini utadhani ana mgonjwa. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba katika habari hii sikuwa mpita njia.

Lazima pia niseme kuhusu matambara. Kwenye ukuta wa gereji kuna misumari kumi na miwili, na kila msumari una tambara lake la kufutia mikono na vyuma. Mimi ndiye ninayeyakata, kutoka kwenye vipande vinavyobaki dukani, na kingo zake nazishona zigizaga ili nyuzi zisichomoke. Kila mwisho wa mwezi natoa yaliyochakaa na kujaza mapya. Asubuhi yote yako msumarini, mchana yametawanyika kwenye magari, na jioni kabla ya kufunga, Pua anasimama mbele ya ukuta na kuyahesabu kwa kidole na kwa sauti. Likipungua moja, hakuna kufunga, hakuna kula, hata mgeni awe amekaa sebuleni. Aliwahi kushuhudia, siku za kujifunza kazi, gari la mtu likiwaka moto barabarani kwa ajili ya tambara lililosahaulika, na hajapona.

Mwaka juzi lilikosekana moja. Alifungua tena magari matatu aliyokuwa ameshayamaliza, akalala chini ya kila moja na tochi mdomoni, saa mbili nzima, chakula kikapoa, nami nikapoa na kuchacha. Tambara lilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa ovaroli yake. Siku hiyo niliapa kwamba tambara halitanikalisha tena.

Sasa, Jumatano moja asubuhi, akaja Mama Mkunga.

Huyu ndiye aliyewapokea watoto wetu wote watatu, kwa hiyo nyumbani kwetu neno lake ni sheria. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na mmoja, mwaka aliofiwa na mumewe. Mtihani alianguka mara mbili. Mara ya tatu mtahini alipomwuliza kama ana wasiwasi, akamjibu kwamba ametoa watoto waliokaa kiubavu, hawezi kushindwa kurudisha gari nyuma. Akapata leseni, akanunua gari dogo jeupe, na tangu hapo, sasa ni miaka saba, huwazungukia majumbani akina mama waliojifungua. Mizani ya watoto inakaa kiti cha nyuma, imefungwa mkanda.

Siku hiyo hakushuka na mikogo yake ya kawaida. Alifunga mlango taratibu akakaa kwenye kigoda kabla hajaambiwa.

"Linanuka kuungua, mwanangu," akamwambia Pua. "Si kila siku. Likipanda mlima wa hospitali tu. Wiki ya tatu sasa."

"Linanuka nini?"

Akafumba macho. "Kitu kitamu. Kama mtu amechoma kitu kitamu ambacho hakikupaswa kuchomwa."

Pua akatabasamu. Lakini Mama Mkunga hakuwa amemaliza. Mwanawe wa kwanza, kijana wa ofisi ya bima tunayemwita Afisa, alikuwa amepanda naye siku moja, akainusa ile harufu, na papo hapo akatoa hukumu. Mlima, klachi, mguu wa mama. Umri umefika, mama, unaiunguza klachi mwenyewe na hujui. Akamtafutia mnunuzi.

"Nimempa neno langu," Mama Mkunga akasema. "Jumamosi saa nne anakuja naye hapa. Kama ni mguu wangu, natoa ufunguo. Kama si mguu wangu, naendelea na kazi yangu. Lakini usinifiche, fundi. Tangu aniambie hivyo, kila nikiendesha nautazama huu mguu. Jana nilisimama katikati ya mlima kuuangalia, watu wakanipigia honi."

Aliposema hivyo aliushika mguu wake kwa mikono miwili, mwanamke ambaye mikono yake haijawahi kutetemeka mbele ya damu. Niliumia. Nikaacha pasi yangu ikinisubiri.

"Mama," Pua akamwambia, "huyo mnunuzi mwambieni aje na nauli ya kurudia."

Na hakuwa anajipiga kifua tu. Mume wangu akisema hivyo, huwa ameshamaliza nusu ya kazi kichwani. Utamu ni maji ya rejeta, kwa hiyo alianza hapo. Aliweka alama ya wino kwenye chupa ya maji, akampandisha Mama Mkunga mlimani, wakarudi. Maji yako palepale kwenye alama. Akaenda mara ya pili, macho yake yote kwenye mguu wa kushoto wa dereva. Mguu ulikanyaga, gia ikaingia, mguu ukatoka na kulala sakafuni hadi gia nyingine. Harufu ikaja hivyohivyo.

"Si mguu wako," akamwambia.

"Afisa atasema umenionea huruma kwa sababu nimekuzalishia mke. Niambie ni nini."

Alikuwa na haki. Kumwambia mtu kwamba si mguu wake bila kumwonyesha ni nini, ni maneno tu. Alhamisi Pua akashika vikombe vya magurudumu alipoteremka mlima, kutafuta breki iliyobana. Vyote vina joto lilelile. Akafuata nyaya moja moja hadi nyuma ya dashibodi. Nzima. Oili haikudondoka popote. Ijumaa akaendesha mwenyewe, mara nne, vioo vimefungwa, na aliporudi alikaa kwenye kigoda cha wateja akaniita.

"Harufu hii naijua," akasema. "Naijua kama ninavyoijua nyumba yangu. Nikiinusa tu, pua inasema hakuna kitu hapa, uko kwako. Halafu sijui ni nini."

Jioni hiyo alikula matonge matatu akasukuma sahani. Nilimtania kwamba labda tumwite Mafua. Hakucheka, nami nikajua maji yamemfika shingoni.

Jumamosi saa mbili asubuhi Mama Mkunga alikuja kwa safari ya mwisho. Alikuwa amevaa vizuri mno, kama mtu anayekwenda kuaga. Akanichungulia kupitia mlango wetu usiofungwa. "Shona baadaye, mwanangu. Njoo ukae nyuma, unipe moyo."

Nikakaa nyuma, karibu na mizani ya watoto. Pua kushoto mbele, Mama Mkunga kwenye usukani. Tulipita soko, tukapita duka la dawa, mlima ukaanza. Gia ya tatu, gia ya pili, injini ikaanza kulalamika. Kisha, kutoka kwenye matundu ya hewa mbele, harufu ikaja.

Ngoja nieleze jambo moja la kazi yangu. Mteja akileta kitambaa akaapa ni pamba tupu, mimi sibishani naye. Nachomoa uzi mmoja, naugusisha kwenye kibiriti. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele. Tetroni, kile kitambaa cha sare za shule kisichojikunja, haiungui vizuri. Inayeyuka, inajikunyata kuwa punje nyeusi ngumu, na inatoa harufu tamu ya mshumaa wa bei rahisi. Nimechoma nyuzi hizo kwa miaka ishirini na miwili.

"Simamisha gari, mama," nikasema.

Mama Mkunga akaegesha pembeni. Wote wawili wakageuka.

"Ni kitambaa," nikasema. "Kuna kitambaa kinaungua. Tetroni ya bluu."

Pua akanitazama kwa kicho, kisha kwa mashaka. "Tetroni sawa. Tangu lini harufu ikawa na rangi?"

Nilimwambia Mama Mkunga ageuze gari. Rangi sikuijua kwa pua. Niliijua kwa sababu mwezi uliopita matambara yote niliyomkatia yalitoka kwenye sare za bluu za shule moja, na kwa sababu nilikumbuka msumari.

Tulirudi polepole. Pua akangoja chuma kipoe, akainua gari kwa jeki, akaweka vigogo vya kulizuia lisimwangukie, akaingia chini. Pale bomba la ekzosi linapotoka kwenye injini kuna bati linalokinga joto lisipande juu, na kati ya bomba na bati kuna nafasi ya vidole viwili. Akaingiza koleo refu. Nilisikia likikwaruza, kisha akatoka mgongo mgongo na kitu kwenye ncha ya koleo. Kilikuwa kigumu na cheusi, kimekauka kama gamba. Kona moja tu ilikuwa bado ni kitambaa. Bluu, na ukingo wa zigizaga.

Mama Mkunga akapiga kofi moja na kucheka kwa sauti, machozi yakimtoka. "Si mguu wangu! Si mguu wangu!" Akaurusha mguu hewani kama msichana.

Pua hakucheka. Alikuwa amekishika kile kipande kiganjani, akikigeuza.

"Hili ni langu," akasema. "Siku ile nilipokubadilishia oili, wiki tatu zilizopita. Lilianguka humo, na kila gari likipata joto la mlima, tambara linaungua kidogo. Lingeweza kuwaka moto, mama. Ungekuwa ndani."

"Lakini halikuwaka," Mama Mkunga akasema.

"Nilihesabu." Akageukia ukuta wa misumari. "Siku ile nilihesabu. Nakumbuka nimesimama hapa nikasema kumi na mawili. Kumbe yalikuwa kumi na moja, mimi nikaona kumi na mawili." Akakaa chini kwenye tairi. Sauti yake ikawa ndogo. "Baba yangu alianza hivihivi kupotewa na akili. Alihesabu mbuzi wasiokuwepo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo, na mdomo ukakataa. Nami ni mtu ambaye mtaa mzima unajua simezi neno.

Gari la Afisa likaingia. Saa nne kamili, kama bima. Akashuka na mnunuzi wake, bwana mmoja mnene mwenye miwani ya jua, ambaye hata hajatusalimu vizuri alikuwa anapiga matairi teke.

"Shikamoo mama," Afisa akasema. "Fundi, habari za kazi. Haya, imeonekana klachi?"

Pua akainuka. Akamwonyesha kile kipande.

"Klachi ya mama yako ni nzima na mguu wake ni mzima kuliko wako. Kilichokuwa kinaungua ni tambara langu. Nimeliacha mimi, kwenye gari lake, nikajiona nimehesabu sawa. Sikuhesabu sawa." Akakishusha kile kipande. "Gari lake asiuze. Ila alitafutie fundi mwingine. Mimi kichwa changu kimeanza kunidanganya, na mtu ambaye kichwa kinamdanganya hapaswi kulala chini ya gari la mtu."

Afisa akatikisa kichwa kwa heshima, kile kichwa cha ofisini kinachokubali mambo haraka. "Umri, fundi. Ni kawaida. Ndiyo hilo nililokuwa namwambia mama."

Basi! Neno hilohilo alilomlisha mama yake hadi akasimama mlimani kuuangalia mguu wake mwenyewe, sasa alikuwa anamlisha mume wangu, na mume wangu alikuwa anatafuna. Na aliyempikia ni mimi.

"Nyamaza wewe," nikamwambia Afisa. Kisha nikapasua jipu. "Baba watoto, hukuhesabu vibaya. Yalikuwa kumi na mawili. La kumi na mbili nililitundika mimi."

Hata mnunuzi akaacha matairi.

Nikaeleza yote nikiwa nimesimama palepale. Siku ile ya oili kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni, saa kumi. Vikao viwili vya kabla yake alikuwa amekosa, na mwalimu alishaanza kuniuliza kama huyo Pua yupo kweli. Nilipita gerejini saa tisa na nusu kumwambia aoge, yeye akiwa bado anarudishia kifuniko cha oili, nikaona msumari mmoja mtupu. Nikajua akianza kutafuta, kikao tumekikosa. Nikajua pia, au nikajifanya kujua, kwamba tambara liko mfukoni mwake kama mwaka juzi. Nikarudi dukani nikakata jingine. Nilipoliona jipya mno, nikalichovya kwenye oili chakavu, nikalikamua, nikalitundika. Akaja akahesabu, akafurahi, tukaenda kikaoni, na mwalimu akafurahi kumwona.

"Ulilichovya kwenye oili," Pua akasema.

"Nililichovya."

"Ili nisijue."

"Ili usijue." Nikajigeuza kwa Mama Mkunga, na nikapiga magoti kweli, sikuona aibu. "Mama, ungeungua kwa sababu yangu. Watoto wangu umewatoa wewe. Nisamehe."

Mama Mkunga aliniacha nikiwa nimepiga magoti kwa muda mrefu kidogo, nadhani kwa makusudi. Kisha akaninyanyua kwa kwapa, kama anavyowanyanyua wanawake kitandani, akanipangusa magoti. "Nimekusamehe. Ukinidanganya tena, mjukuu wako nitamwacha apokewe na huyu wa bima." Akamgeukia mwanawe, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Afisa alikuwa na ule wa akiba. Akautafuta mifuko yote, akautoa.

"Sasa panda," mama yake akamwambia. "Kaa mbele. Tunapanda mlima, na wewe utautazama mguu wangu mpaka juu. Nataka uutazame vizuri."

"Mama, nina mgeni…"

"Panda."

Akapanda. Gari dogo jeupe likatoka gerejini, mizani ya watoto ikitikisika nyuma. Mnunuzi akabaki amesimama na miwani yake, akamwuliza Pua kama kuna gari jingine linalouzwa, kisha alipoona nyuso zetu akakumbuka ana shughuli mahali. Tukabaki wawili. Kwa mbali tuliisikia injini ikipanda mlima, gia ya tatu, kisha ya pili, bila kusitasita.

Pua hakunisemesha. Mwaka wa ishirini na nne wa ndoa, na sikuwahi kuogopa kimya chake kama siku ile. Alifanya kazi hadi jioni, nami nilishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia nikafumua. Alasiri alichukua nyundo na msumari mmoja, akapita kwenye mlango wetu, akaupigilia ukutani kwangu, juu ya cherehani, mahali ambapo siwezi kuinua kichwa bila kuuona. Akatundika kile kipande cheusi chenye kona ya bluu. Akarudi kwake. Nilistahili.

Jioni nilimsikia amesimama mbele ya ukuta wake. "Moja. Mawili." Taratibu, taratibu kuliko siku zote, na alipofika kumi na mawili akaanza upya. Kisha akaja kusimama mlangoni.

"Siku ile," akasema. "Nilihesabu sawa?"

"Ulihesabu sawa."

Akarudi gerejini. Nikasikia mlango mkubwa ukivutwa nusu, ukasimama. Akaja tena.

"Hata la mwisho?"

"Hata la mwisho, baba watoto. Lile la oili."

Akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, ovaroli yake chafu juu ya gauni la watu lililokuwa limepigwa pasi. Akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa anacheka.